SOMO LA AFYA: GHALA LILILOFUNGWA



Kusudi la somo: kufahamu kwa nini mtu anaweza kuendelea kupungukiwa damu hata akinywa dawa ya chuma, na namna vitamini A inavyosaidia mwili kutengeneza damu. Tena kuonyana sisi kwa sisi, tusimshitaki mtu kwa ajili ya ugonjwa ambao chanzo chake kiko ndani ya sahani.

Ya kusoma nyumbani: Mwanzo 41:46-57, 2 Wafalme 20:1-7, Danieli 1:8-16.

1. JAMBO LILILOTUFANYA TUANDIKE

Katika kikundi kimoja cha sala hapa Goma kulikuwa mtoto wa kiume mwenye miaka miwili na miezi kidogo. Viganja vyake vilikuwa vyeupe. Alichoka upesi, hakupenda kucheza na wenzake, na kila mara mama yake alimkuta akila udongo. Wazazi walinunua siro ya chuma kwenye famasi ya mtaa, wakampa kwa muda wa karibu miezi miwili. Damu haikupanda.

Kisha likaonekana jambo lingine. Kila jioni, giza lilipoanza kuingia, mtoto alishika-shika ukuta, akajikwaa juu ya mawe ya volkano yaliyo uani, mwisho akakaa mahali pamoja akilia mpaka mtu ambebe. Asubuhi alitembea vizuri kama watoto wengine.

Ndugu, ninyi mnajua maneno yanayotembea katika mitaa yetu. Majirani walisema: kuna mtu anayekunywa damu ya mtoto huyu, tena usiku anamwonyesha vitu. Kidole kikamwelekea koko yake, mama mzaa baba, mjane mzee aliyekimbia vita kijijini na kuja kulala chumba kimoja na watoto wake. Akaanza kutengewa chakula. Akakatazwa kumbeba mjukuu wake.

Sisi mashemasi tuliitwa kuomba. Tuliomba siku tatu, na kuomba kulikuwa kwema. Lakini tunaungama mbele yenu kosa letu: katika siku hizo tatu hakuna hata mmoja kati yetu aliyeuliza mtoto anakula nini, wala hatukusema neno la kumtetea yule mama mzee.

Siku ya nne alikuja dada mmoja wa kanisa ambaye ni infirmie. Alimshika mtoto, akamvuta kope ya chini, akatazama. Kisha akauliza maswali matatu: Anakula nini? Jioni anaona? Vitamini A alipewa lini mara ya mwisho? Majibu yalikuwa haya: bugali na chai, siku nyingine maharagi kidogo, jioni haoni, na vitamini A hakuna aliyekumbuka. Tena mtoto alikuwa ameugua surua miezi michache mbele ya hapo.

Walimpeleka kwenye kituo cha afya. Alipimwa, akakutwa na palu, akatibiwa. Kwa ajili ya macho alipewa vitamini A mara tatu: siku ya kwanza, siku ya pili, na baada ya majuma mawili. Mama yake alifundishwa kumpikia. Baada ya siku chache mtoto alianza kuona jioni. Damu ilikawia zaidi, ilichukua majuma mengi, lakini ilipanda.

Tangu siku ile tulisema: somo hili lazima liandikwe, kwa sababu mtoto yule si wa kwanza, na koko yule si wa kwanza.

2. DAMU INAFANYA KAZI NAMNA GANI

Tutumie mfano wa kwetu. Kila mtu wa Goma anaijua chukudu. Inateremka kutoka upande wa Kibumba na Kibati ikibeba makaa, viazi na kabichi, inaleta mjini, inarudi kuchukua tena. Chukudu zikikoma siku moja, masoko yetu yanakuwa matupu.

Ndani ya damu kuna chembe nyekundu, ndogo sana, zisizoonekana kwa macho. Hizo ndizo chukudu za mwili. Zinachukua hewa safi katika mapafu na kuipeleka kila mahali: kwenye ubongo, kwenye moyo, kwenye misuli, na kwa mama mwenye mimba, mpaka kwa mtoto aliye tumboni. Mzigo huo unafungwa juu ya kitu kinachoitwa hemoglobini, na hemoglobini haiwezi kutengenezwa bila madini ya chuma.

Chembe nyekundu moja inaishi siku 120 hivi, kisha inachakaa. Kwa hiyo mwili haupumziki kutengeneza nyingine. Mtu mzima mwenye afya anatengeneza zaidi ya milioni 2 kwa kila sekunde. Karakana yake iko katika uboho, ndani ya mifupa.

Na mbao za karakana, yaani chuma, zinatoka wapi? Wengi wetu tunafikiri zinatoka katika chakula cha leo. Hapana. Chakula kinaleta chuma kidogo tu, miligramu 1 au 2 kwa siku kwa mtu mzima. Sehemu kubwa sana, zaidi ya miligramu 20 kwa siku, inatoka katika chembe zilizochakaa. Wengu na ini zinazivunja chembe hizo, zinatoa chuma chake na kukirudisha kwenye karakana. Kingine kinawekwa akiba katika ini.

Basi shikeni neno hili, kwa maana ndilo mlango wa somo lote: mtu anaweza kuwa na chuma ndani ya mwili wake na bado akakosa damu, kama ghala la chuma limefungwa.

3. KAZI YA VITAMINI A

Watu wengi wanajua kwamba vitamini A ni ya macho. Ni kweli. Mtoto asiyeona jioni, kama yule wetu, mara nyingi amekosa vitamini hiyo. Lakini vitamini A ina kazi nyingine katika damu, na kazi hiyo haijulikani sana mitaani. Tunaweza kuigawa katika sehemu nne.

Ya kwanza, inasaidia kufungua ghala. Mwili ukikosa vitamini A, chuma kinabaki kimezuiliwa katika ini na wengu, nao uboho unangoja bila kupata. Mkumbuke habari ya Yusufu katika Misri. Ngano ilikuwamo ghalani, nyingi kabisa, lakini watu walikuwa wakilia njaa mpaka Yusufu alipoyafungua maghala. Ngano iliyofungiwa haimshibishi mtu, na chuma kilichofungiwa hakimpi mtu damu.

Ya pili, inasaidia kupeleka agizo. Figo zikiona kwamba hewa safi imepungua katika damu, zinatuma ujumbe kwa uboho: tengeneza chembe nyingine. Ujumbe huo unaitwa eritropoietini. Vitamini A inasaidia figo kuutuma.

Ya tatu, inasaidia chembe changa kukomaa. Ndani ya uboho chembe huanza zikiwa hazijawa kitu kamili, kama kijana anayejifunza useremala. Vitamini A ni mmoja wa walimu wanaozifikisha kwenye kazi yake.

Ya nne, inasaidia mwili kupigana na magonjwa. Hili ni jambo kubwa kwetu. Mwili ukiwa na ugonjwa, kama palu, kuhara au homa ya mapafu, wenyewe hukificha chuma ili vijidudu visikipate. Ugonjwa ukirudi kila mwezi, ghala linakaa limefungwa mwaka mzima. Nayo magonjwa, zaidi sana surua, yanamaliza vitamini A ya mtoto. Hivi ugonjwa unaleta upungufu, na upungufu unaita ugonjwa mwingine.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Chuma peke yake ni kidole kimoja.

4. MAMBO AMBAYO WATAALAMU WAMEYAONA

Tusiamini kwa kusikia tu. Tuangalie mashahidi.

Katika Marekani, wanaume wachache walijitolea kula chakula kisicho na vitamini A kwa muda mrefu, wakichungwa na madaktari. Habari zao zilitangazwa mwaka 1978. Damu yao ilipungua ijapokuwa walikuwa wanapata chuma cha kutosha. Chuma hakikuirudisha. Waliporudishiwa vitamini A, damu ilipanda.

Katika Indonesia, upande wa magharibi wa kisiwa cha Java, wamama wenye mimba waliopungukiwa damu waligawanywa katika vikundi vinne. Matokeo yalitangazwa mwaka 1993. Baada ya majuma manane, kati ya waliopewa chuma peke yake, 68 kwa mia walikuwa wametoka katika upungufu wa damu. Kati ya waliopewa vitamini A peke yake, 35 kwa mia. Kati ya wale ambao hawakupewa hata kimoja, 16 kwa mia. Lakini kati ya waliopewa vyote viwili pamoja, 97 kwa mia walipona. Someni tena hesabu hiyo, ndugu. Katika kila wamama mia, karibu 30 ambao chuma peke yake kingewaacha katika udhaifu waliinuka kwa kuongezewa vitamini A kidogo.

Karibu na kwetu, katika Bagamoyo, Tanzania, watoto 136 wa shule wenye miaka 9 mpaka 12 na wenye upungufu wa damu walijaribiwa vivyo hivyo kwa miezi mitatu. Habari yao ilitoka mwaka 2000. Vitamini A peke yake ilipandisha damu, chuma peke yake kiliipandisha zaidi, na vyote viwili pamoja vikashinda vyote.

Katika Maroko, mwaka 2006, ilitangazwa kwamba watoto waliopewa vitamini A walipandisha damu, na ule ujumbe wa figo ukaongezeka, hali chuma chote cha mwili wao hakikuongezeka. Yaani hawakuletewa mbao mpya. Zile zilizokuwamo zilitolewa ghalani zikafika kwenye karakana.

5. NA HAPA KIVU?

Mtu atasema: hayo ni ya mbali. Tuje nyumbani.

Pale Lwiro, katika Kivu ya Kusini, kuna kituo cha utafiti kilichoanza wakati wa Wabeleji, na hospitali ya watoto ambapo utapiamlo umechunguzwa kwa miaka mingi. Mwaka 1998 kulitangazwa uchunguzi uliofanywa juu ya watoto wa huko wenye utapiamlo. Waliopewa vitamini A walikua vizuri zaidi, lakini dawa ya minyoo peke yake haikuwasaidia kukua. Hatusemi dawa ya minyoo ni bure, maana minyoo mingine inanyonya damu, na dawa yake inahitajiwa. Tunasema tu kwamba watoto wa Kivu walionyesha kwa miili yao kuwa walikuwa na njaa ya vitamini hii.

Tena mwaka 2017 ulitangazwa uchunguzi mwingine juu ya watoto wa chini ya miaka mitano katika vijiji vya Kivu. Ulionyesha kwamba upungufu wa damu ulikuwa mwingi, lakini upungufu wa chuma ulikuwa mdogo. Hapo ndipo tunaelewa kwa nini siro ya chuma ilimshinda mtoto wa kikundi chetu. Si kila mtoto wa kwetu mwenye viganja vyeupe amekosa chuma. Wengine wana palu. Wengine wana magonjwa yanayofunga ghala. Wengine wamekosa vitamini A au vyakula vingine. Wengine wamezaliwa na ugonjwa wa SS, ambao dawa yake ni nyingine kabisa.

Kuna tena onyo kutoka Pemba, katika Zanzibar. Huko watoto zaidi ya 20,000 waliingizwa katika uchunguzi wa kuwapa chuma kila siku, mahali penye palu nyingi. Ilibidi sehemu ya chuma isimamishwe kabla ya wakati wake, kwa maana waliopewa chuma waliugua sana na kufa zaidi kuliko wenzao. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2006. Kwa hiyo wazazi, msinunue siro ya chuma kwa kutazama kiganja tu. Mtoto apimwe kwanza, palu itibiwe, alale ndani ya mosikitero, na muganga aseme kipimo.

Lakini wamama wenye mimba wasikie vizuri: vidonge vya chuma mnavyopewa mnapokwenda kupimwa mimba ni vya lazima. Msiviache ndani ya sanduku, msimpe jirani, msiviuze.

6. TULE NINI?

Hapa mtu atasema: shemasi, wewe unazungumza juu ya chakula, nasi hatuna franka. Tunajua. Mwaka 2025 ulitupiga sana. Vita viliingia mjini mwisho wa mwezi wa kwanza, mabenki yakafunga milango, wengi wakapoteza kazi na akiba. Kwa hiyo hatutawatajia chakula cha matajiri. Danieli na wenzake walikula mboga na kunywa maji, na baada ya siku kumi nyuso zao zilipendeza kuliko za wale waliokula chakula cha mfalme.

Mawese. Mafuta haya mekundu, yanayotoka upande wa Beni na Walikale, ni ghala kubwa la vitamini A. Rangi ile nyekundu ndiyo mali yenyewe. Lakini tuna desturi mbaya ya kuyaunguza mpaka yatoe moshi na kuwa meupe, ili yasibadilishe rangi ya chakula. Hapo tumetupa mali na kubakiza mafuta tu. Yatie katika chakula karibu na mwisho wa kupika. Kijiko kimoja cha chai katika uji wa mtoto ni msaada mkubwa.

Majani. Sombe, lengalenga, matembele, majani ya maboga. Yote yana vitamini A. Yapikwe pamoja na mafuta kidogo, kwa maana bila mafuta mwili unachukua sehemu ndogo tu. Sombe na mawese ni ndoa nzuri ambayo wazee wetu waliifunga zamani.

Vitu vyenye rangi ya machungwa. Karoti, maboga, embe, papai, na viazi vitamu vyenye nyama ya rangi hiyo ndani. Viazi vitamu vyeupe vinashibisha, lakini vitamini A yake ni kidogo sana. Muhogo mweupe na unga mweupe wa mahindi ni vivyo hivyo. Ndiyo maana bugali na chai havimjengi mtoto, hata akila mara tatu.

Sambaza. Samaki hawa waliletwa katika Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika karibu mwaka 1959, na leo ni nyama ya maskini. Mtoto apewe sambaza nzima, na kichwa chake, isagwe kama yeye ni mdogo. Ndani yake kuna chuma na vitamini A pamoja. Sambaza mbichi iliyopikwa inatunza vitamini A kuliko ile iliyoanikwa siku nyingi, kwa maana jua kali linaiharibu.

Mayai, maziwa na maini. Kama mnaweza, hata mara chache. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya mpaka miaka miwili na zaidi.

Maharagi. Haya yanaleta chuma. INERA, pamoja na HarvestPlus, wametoa katika nchi yetu mbegu za maharagi yenye chuma kingi zaidi kuliko ya kawaida. Mwenye shamba aulize habari za mbegu hizo. Maharagi yaliwe pamoja na kitu kichachu au kibichi, kama limau, nyanya au papai, ili chuma kiingie vizuri. Na chai isinywewe pamoja na chakula, kwa maana inazuia chuma. Ngojeni saa moja hivi.

Mtasema: Goma ni jiwe, tulime wapi? Jaza udongo katika mfuko wa zamani, toboa matundu pembeni, panda lengalenga. Mifuko mitatu mlangoni inaweza kuwapa mboga mara kwa mara. Wamama wa mtaa mmoja wakianza, wengine watafuata.

7. VIDONGE VYA WATOTO

Serikali na vituo vya afya hutoa vitamini A kwa watoto wa miezi 6 mpaka 59. Mtoto wa miezi 6 mpaka 11 hupewa yunite 100,000, mara nyingi ni kidonge cha buluu. Mwenye mwaka mmoja na zaidi hupewa yunite 200,000, mara nyingi ni chekundu. Kinakatwa ncha, mafuta yanadondoshwa mdomoni. Hurudiwa kila baada ya miezi sita. Mama asingoje kampeni kupita mlangoni. Siku ya kupima kilo aulize mwenyewe, na ahakikishe kwamba imeandikwa katika karatasi ya mtoto.

Onyo: mama mwenye mimba asimeze kidonge cha mtoto. Vitamini A nyingi kwa mara moja inaweza kumharibu mtoto aliye tumboni. Wala maini asile kila siku. Yeye aitafute katika mawese, majani na matunda. Huko hakuna hatari, kwa maana mwili wenyewe unachukua kadiri unavyohitaji. Na mtoto asipewe dozi mbili karibu-karibu bila amri ya muganga.

8. SALA NA DAWA

Tunajua swali lililo mioyoni mwa wengine: je, kwenda hospitali si kukosa imani?

Hezekia alipokuwa karibu kufa, aliomba akilia. Mungu alisikia, akamtuma nabii Isaya kumwambia kwamba atapona. Na nabii yuleyule akaagiza waleteni tini, wakatengeneza mkate wa tini, wakauweka juu ya jipu. Ahadi ilikwisha kutolewa, na tini zikatafutwa. Kama nabii hakuona haya kutumia tunda, sisi ni nani hata tuone haya kutumia mawese?

Kwa hiyo, mkiona dalili hizi, ombeni mkiwa njiani, msikae nyumbani: mtoto mwenye viganja na midomo myeupe kabisa, anayehema upesi akiwa amelala, asiyeweza kunyonya au kuketi, mwenye homa na kifafa, mama mwenye mimba anayezimia au kutoka damu. Hapo si mambo ya mboga tena. Huenda atahitaji kutiwa damu siku ileile. Mfungo wa familia usimfunge mtoto mgonjwa, wala mama mwenye mimba, wala anayenyonyesha.

9. NENO KWA MASHEMASI NA WAZEE WA KANISA

Turudi kwa yule koko. Mtoto alipopona, ilitupasa kwenda kwake. Tulikwenda watu wanne, pamoja na baba wa mtoto. Tulimwomba msamaha kwa kunyamaza kwetu. Hakutukemea. Alisema tu kwamba jambo lililomwumiza zaidi ni zile jioni mtoto alipokuwa akilia gizani, naye amekatazwa kumshika mkono. Kisha akasema kwamba kijijini kwao, wakati wa ujana wake, mtoto asiyeona jioni alipewa maini na majani, na kila mama alijua hivyo. Hakuna aliyemwuliza.

Ndugu, dawa ilikuwa imekaa chumba kimoja na mtoto, na sisi tuliifukuza mezani.

Tangu sasa, shemasi akiitwa kumwombea mtoto aliyepungukiwa damu, aombe, kisha aulize: Anakula nini? Anaona jioni? Amepimwa palu? Aliugua surua? Vitamini A alipata lini? Na mtu akianza kumtaja mchawi, shemasi asinyamaze. Anyamazishe neno hilo palepale, kwa upole lakini kwa nguvu. Wazee wengi na watoto wengi wamefukuzwa nyumbani kwa maneno ya namna hiyo, wengine wamepigwa, wengine wameuawa. Damu hiyo ikimwagwa hakuna kidonge cha kuirudisha.

MASWALI YA KUJIBU KATIKA FAMILIA

1. Kwa nini mtu anaweza kuwa na chuma mwilini na bado akakosa damu?
2. Taja kazi nne za vitamini A katika kutengeneza damu.
3. Wiki hii nyumbani kwetu tulikula vitu gani vyenye rangi nyekundu, ya machungwa au kijani? Mawese tuliyapika namna gani?
4. Karatasi za watoto wetu zinaonyesha kwamba walipata vitamini A lini?
5. Je, yuko mzee au mtoto katika mtaa wetu aliyetengewa chakula kwa sababu ya maneno ya watu? Tutakwenda kumwona siku gani?

Jibuni swali la tano kabla ya Siku ya Mungu inayokuja. Bwana awabariki, awape chakula cha kila siku, na macho ya kuona jioni.